Sanduku la Rangi Tatu na Haki ya Mtani

Saa tano na dakika kumi asubuhi, mtani wangu alitoka katika chumba changu cha kazi akiwa amejitanda khanga ya marehemu shangazi yangu, na kichwani amebeba sanduku langu. Wanawake waliokaa kwenye mikeka uani wakaangua kicheko. Maiti ilikuwa bado ndani, inasubiri kuoshwa. Mimi sikucheka, na sijacheka mpaka leo.

"Nimeupata mzigo wa bibi!" alipaza sauti, akichechemea kama shangazi alivyochechemea baada ya goti lake kuharibika. "Bibi kaacha usia. Mzigo huu apewe mume wake wa pwani. Anayeutaka aukomboe. Elfu hamsini na jogoo!"

"Weka chini," nilimwambia.

"Sikia Mnyamwezi anavyoongea na mwenye mali! Babu zako walibeba pembe kutoka huku mpaka kwetu bila kunung'unika. Wewe leo kubeba elfu hamsini kunakushinda?"

Yeye ni Mzaramo. Amekaa Tabora miaka mingi, ana duka la vipuri vya simu karibu na soko, na tangu afike mjini hakuna msiba wa Kinyamwezi uliompita. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, wakati wapagazi wetu walipopita katika nchi yao kila kiangazi na pande zote mbili zikaona ni nafuu kutukanana kuliko kuchinjana. Tangu hapo mtani ana haki zake. Msibani anaweza kumwigiza marehemu, kulala kaburini kabla halijatumika, kubeba sufuria la wali, au kuchukua kitu chochote cha nyumba na kukataa kukirudisha mpaka kikombolewe. Wafiwa hutoa kitu kidogo, watu hucheka, kilio kinapungua uzito. Kumkasirikia mtani ni aibu, na kumshtaki ni kichekesho.

Najua sababu ya desturi hiyo na siipingi. Nampinga yeye.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao ya mninga, lenye ukubwa wa biblia kubwa ya kanisani, na mfuniko wa kuteleza. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kioo kidogo kuliko punje ya mchele, pamoja na leza tatu: nyekundu, kijani na bluu. Ndani ya kile kioo mlikuwa na njia za mwanga, nyembamba kuliko unywele. Mwanga ukiingizwa humo hauna pa kutokea ila mwisho wa njia, kwa sababu kioo cha njia ni kizito kidogo kwa mwanga kuliko kioo kinachoizunguka, na tofauti hiyo inatosha kuufunga ndani. Rangi tatu ziliingia kwa matundu matatu upande mmoja, zikatoka kwa tundu moja upande wa pili zikiwa zimeungana. Ukizilinganisha nguvu zake vizuri, kinachotoka ni nukta nyeupe. Ukizibadilisha nguvu, unapata rangi yoyote unayotaka. Nukta hiyo ikirushwa huku na huku na kioo kidogo cha kuakisi kinachotikisika, inachora picha. Hivyo ndivyo inavyowezekana kuweka picha nzima kwenye fremu ya miwani bila kumvalisha mtu kitu kama kofia ya fundi welda.

Kuziunganisha rangi ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mitano. Sikusoma chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikatengeneza redio na televisheni hapa Chemchem, na wateja wa televisheni walipopungua nikaanza kusoma makala za bure kwenye simu. Hesabu zilizonishinda nilirudi nyuma kuzitafuta katika vitabu vya shule. Jambo la msingi ni hili. Njia mbili za mwanga zikisogezwa karibu sana bila kugusana, mwanga huvuja kutoka njia moja kwenda nyingine. Zikiendelea kwenda sambamba, mwanga wote huhamia upande wa pili. Zikiendelea tena, wote hurudi. Nyekundu huvuja upesi kuliko kijani, na kijani upesi kuliko bluu. Kwa hiyo unatafuta urefu mmoja ambapo nyekundu imekwisha kwenda na kurudi katika njia yake, na kijani imevuka mara moja tu kuifuata. Hapo rangi mbili zimo katika njia moja. Mbele kidogo unaiingiza bluu kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Ukikosea urefu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kijani inabaki njiani na kazi yote ni bure.

Kuna mtu mmoja, msomi, aliyewahi kunishauri niwaambie watu kwamba njia zangu ni kama njia za misafara zilizokutana Tabora, moja ya Ujiji, moja ya ziwa kubwa la kaskazini. Hazifanani. Mpagazi akichoka hukaa chini. Mwanga hauchoki, unapotea, na haurudi kukuambia ulipotelea wapi.

Mchoro wangu ulichongwa na kiwanda cha nje kinachokusanya michoro ya watu wengi na kuitengeneza katika sahani moja ya kioo ili wagawane gharama. Nilipata vipande vinne. Viwili vilifika na nyufa. Kimoja nilikiua mwenyewe wakati wa kukisugua ncha. Cha nne ndicho kilichokuwa sandukuni, kichwani mwa mtani.

Na siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, mhandisi wa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitengeneza miwani ya picha kwa ajili ya mafundi alikuwa anakuja kukipima. Masharti yalikuwa mafupi. Nukta nyeupe ikae nyeupe kwa saa moja bila kuguswa. Ikikaa, wananunua mchoro na kunipa kazi ya kubuni mwingine. Isipokaa, wanamchukua mbunifu wa nje waliyekuwa naye mkononi. Shangazi alipofariki usiku wa kuamkia siku hiyo ya mazishi, nilimpigia mhandisi simu. Alinipa pole, akasema yeye angeahirisha kwa moyo mmoja, lakini wakubwa wake walikuwa wanaamua wiki ileile. Nikamwambia aje.

Ndiyo maana nilisema, "Weka chini."

"Elfu hamsini," alisema mtani. "Na jogoo."

"Sitoi hata senti. Na wewe unajua kilichomo."

"Najua! Kamo kajini kako ka rangi. Jamani, huyu ana taa ya kumwita shetani, halafu shetani mwenyewe hana umeme!"

Wakacheka tena. Alijua kilichomo kwa sababu mwaka uliotangulia alitaka kuweka fedha zake katika kazi hii apate nusu. Nilikataa. Aliwahi kuniuzia leza kumi za bluu ambazo sita zilikuwa za zambarau zilizobandikwa karatasi mpya, na nilipomrudishia alisema macho yangu ya Kinyamwezi ndiyo mabovu. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mtu wa namna hiyo simpi hata nusu ya ukucha. Tangu siku hiyo utani wake ulianza kuota meno. Chumba changu cha kazi kilikuwa na redio, jiko la umeme na baiskeli, vyote vikubwa na rahisi kubeba mbele ya watu. Yeye alichagua sanduku.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba na ndiye msimamizi wa msiba, alinishika mkono akanivuta pembeni ya choo.

"Mpe mtani haki yake, tuendelee. Watu wanasubiri maji ya kuoshea."

"Baba mdogo, ile si sufuria."

"Hata iwe dhahabu. Kitu cha msibani ni kitu cha msibani. Mpe elfu kumi atakubali."

"Akichukua elfu kumi leo, kesho atasema ni mbia wangu."

"Mwanangu, shangazi yako amelala pale ndani, wewe unapiga hesabu za ubia?"

Nilikuwa na fedha mfukoni. Sikutoa. Nilirudi uani nikamwambia mtani, kwa sauti ya kusikika, kwamba babu zake walikaa pwani wakisubiri kubebewa mizigo na watu wengine, na yeye amerithi kazi hiyo kamili, ila babu zake angalau walikuwa wakilipa ujira wa kweli na si wa karatasi za kubandika.

Kicheko kilikatika katikati. Hilo la karatasi halikuwa utani na kila mtu alilisikia hivyo. Mtani akashusha sanduku kichwani, akalikumbatia.

"Sawa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Basi mzigo unakwenda kuzika."

Akaenda nalo kwenye gari lake, dogo jeusi, akaliweka juu ya dashibodi, nyuma ya kioo cha mbele, ambako kila aliyepita angeliona. Akafunga milango.

Sasa lazima niseme habari ya nta. Leza na kioo vinatakiwa kutazamana kwa usahihi ambao mkono hauna. Nilitengenezewa skrubu za kusogeza na mchongaji vyuma wa mjini, na nilikuwa natumia siku nzima kuipanga leza moja. Ikishakaa panapotakiwa, unaishika kwa gundi inayokauka kwa taa maalumu. Lakini gundi ile ikishika haikubali masahihisho, nami nilikuwa na kipande kimoja tu. Nta ya nyuki hukubali. Nilinunua nta nyeusi ya Sikonge, nikaichuja kwa kitambaa mara kadhaa mpaka ikawa ya manjano safi, nikaitumia kushika leza zote tatu. Wataalamu wa kwingine hawafanyi hivyo. Wao hawakukulia mahali ambapo nta huziba ngoma, hushika kisu kwenye mpini na kuziba ndoo inayovuja. Katika chumba changu, chenye ukuta mnene wa tofali za udongo, nta ilikaa kimya. Niliwasha nukta nyeupe asubuhi na jioni kwa wiki nzima na haikusogea. Mpango wangu ulikuwa kuweka gundi baada ya kupata kazi, nikiwa na fedha za kununua vipande vingine.

Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Anayeijua Tabora ya Oktoba hahitaji kuambiwa ndani ya gari jeusi lililofungwa kukoje.

Tulimzika shangazi kijijini Ntalikwa baada ya sala ya adhuhuri. Magari yaliegeshwa kwenye uwanja mtupu kando ya mashamba ambayo yalikuwa bado hayajalimwa, hakuna kivuli cha kutosha hata mbuzi. Nilisimama kaburini nikitazama upande wa magari. Nilifanya hesabu: mwendo wa saa moja kasoro kwenda, sala, mazishi, dua, kurudi. Baba mdogo aliniona nikitazama.

"Geuka huku," alinong'ona. "Watu wanakuona."

"Mwambie angalau afungue vioo."

"Kamwambie wewe. Umemtukana wewe."

Nilikwenda. Mtani alikuwa ameegemea mlango, anatafuna muwa.

"Fungua vioo," nilimwambia.

"Lipa."

"Kuna nta ndani. Itayeyuka."

"Nta!" Alitema makapi. "Miaka mitano mtu anajiita mbunifu, kumbe ni fundi wa mishumaa. Lipa, Mnyamwezi. Leo hata ukilia silegezi. Umesema mimi mwizi mbele ya maiti."

"Nilisema karatasi."

"Lipa."

Sikulipa. Nilirudi nikashika koleo nikafukia kaburi pamoja na wengine.

Jioni, tuliporudi Chemchem, baba mdogo alimpa mtani elfu ishirini na jogoo wa jirani, bila kuniuliza. Mtani aliziinua noti juu, watu wakapiga vigelegele, desturi ikawa imetimia. Sanduku likawekwa mlangoni kwangu. Mbao zake zilikuwa na joto la mwili wa mgonjwa.

Niliufungua mfuniko chumbani. Nta haikuwa imemwagika. Ingemwagika ningejua la kufanya. Ilikuwa imelegea tu, ikajilaza, ikaganda upya, na uso wake uling'aa kama maji ya bwawa. Leza nyekundu ilikuwa imeinama. Hazikuwa zimehama mbali, nikakesha nikizipanga zote upya, nikipasha nta kwa ncha ya chuma cha kuchomea, mpaka nukta ilipotoka tena. Nilisafisha kila nilichokiona. Chini ya hadubini, uso wa leza ya bluu ulionekana safi.

Mhandisi alifika kwa wakati. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa gauni la heshima na kujifunga mtandio kwa ajili ya msiba. Aliwasalimia akina mama uani mmoja mmoja, akatoa rambirambi, ndipo akaingia. Nje nilimsikia baba mdogo akisema, kwa makusudi ya kusikika, "Kaburi halijakauka udongo, wengine wanawasha taa za disko."

"Tuahirishe?" aliuliza mhandisi.

"Hapana."

Nikawasha. Nukta ilitokea kwenye karatasi nyeupe ukutani. Nilizilinganisha rangi, na ikawa nyeupe. Sijaona nyeupe nyingine kama ile. Ya jua ni chafu ukiilinganisha nayo. Mhandisi aliinama, akaisoma kwa kipimo chake, akaandika.

"Umepoteza kidogo sana kwenye kijani," alisema. "Hiki kiungo cha kwanza ni hesabu yako?"

"Yangu."

"Kizuri." Hakusema kwa adabu tu. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kitu kingine kichwani, nilimwona.

Tukakaa kusubiri saa ipite. Alikunywa chai. Alikuwa bado na kikombe mkononi nukta ilipoanza kugeuka. Kwanza ilikuwa rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, kisha ya majani makavu. Halafu ikawa njano, njano kamili, ile unayoipata nyekundu na kijani zikibaki peke yake. Niliongeza nguvu ya bluu. Hilo lilikuwa kosa, kwa maana ikazimika kabisa, na harufu ikatoka.

Mhandisi alisogeza pua.

"Hiyo ni nta?"

"Ya nyuki."

"Umeshika leza kwa nta ya nyuki."

"Kwa muda tu. Jana ilipata joto. Ilivuja kwenye uso wa leza, utando mwembamba, haukuonekana. Bluu imeuchoma ukawa masizi, na masizi yamezidi kula mwanga na kuungua."

"Hilo naliona." Aliweka kikombe chini. "Jana ilipataje joto? Chumba chako kina baridi nzuri."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilitegemea acheke, au aseme mambo ya watu wa mikoani. Hakufanya hivyo.

"Mtani wako aliomba kiasi gani?"

"Elfu hamsini. Angekubali kumi."

"Kaka," alisema, "mchoro wako ni mzuri kuliko wa yule wa nje. Nitaandika hivyo. Lakini niliambiwa nipime saa moja, na saa moja haikufika. Siwezi kuandika kwamba ilifika."

"Sikukuomba uandike uongo."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Aliondoka kwa ndege ya mchana. Jibu la kampuni lilikuja baada ya siku chache, sentensi mbili, wamemchukua yule mwingine.

Nilimpeleka mtani baraza la kata. Nilijua watacheka, lakini nilitaka kicheko hicho kiandikwe. Mwenyekiti alinisikiliza huku amekunja mikono, na mtani alisimama mbele akiwa amevaa koti kama mtu anayekwenda harusini.

"Ulichukua sanduku?" mwenyekiti alimuuliza.

"Nilichukua, mheshimiwa. Msibani. Likakombolewa kwa noti mbili na jogoo. Jogoo nimeshamla."

"Ulijua ndani mna nini?"

"Nilijua mna Mnyamwezi mchoyo."

Baraza zima likacheka, karani akiwamo. Mwenyekiti alifuta macho, akanigeukia.

"Ndugu, hapa hatuna kifungu cha mtani. Ungeukomboa mzigo wako asubuhi ungekuwa nao kivulini. Tukimtoza huyu, kesho nani atatuchekesha tukifiwa?"

"Aliambiwa kuna nta. Aliambiwa afungue vioo."

"Nilimwambia alipe," alisema mtani, akinitazama mimi sasa, bila koti la utani. "Alikuwa na fedha mfukoni. Mwulizeni."

Mwenyekiti aliniuliza. Nilisema ndiyo, nilikuwa nazo. Nikaongeza kwamba fedha zangu hazilipi chuki, hata ikivaa khanga ya marehemu. Kesi ikafutwa.

Simsalimii tena. Katika misiba iliyofuata ameingia kwenye nyumba za ndugu zangu na mimi nimetoka, na watu wamesema nina moyo mgumu. Baba mdogo alidai elfu ishirini zake na bei ya jogoo, nilimlipa. Benki nayo ilidai mkopo niliochukua kulipia vile vipande vinne kiwandani, kwa hiyo niliuza hadubini, chanzo cha umeme na skrubu zote za kusogezea kwa chuo kimoja cha ufundi. Vipande vya kioo hakuna aliyevitaka. Sikuyahesabu malipo ya kampuni, kwa sababu mtu hapotezi ambacho hakijawa chake. Nilihesabu kilichotoka mfukoni mwangu tu, nikatoa kilichorudi. Hasara ni shilingi milioni tisa, laki mbili na elfu thelathini na tano.